Watoto wa Orodha: Miaka Sitini ya Malezi kati ya Lodwar na Kakuma

Wavulana waliokimbia vita wakavuka mpaka wa Sudan na kuingia Kenya kupitia Lokichoggio mwaka 1992 walipokelewa na watu wenye kalamu. Waliulizwa jina, jina la baba, kijiji, kabila, umri. Wengi hawakujua siku waliyozaliwa, ndiyo maana hadi leo vitambulisho vya wengi wao, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto wao, vinaonyesha tarehe moja ya kuzaliwa: 1 Januari. Walipokwisha kuandikwa walisafirishwa takriban kilomita 100 kuja kusini, hadi Kakuma, kituo kidogo cha Waturkana kando ya laga, yaani mto wa msimu, ya Tarach. Kambi ikazaliwa hapo. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakawaita Wavulana Waliopotea, na jina hilo likawafuata walikokwenda.

Filamu nyingi kuhusu watoto waliolelewa na taasisi katika pembe hii ya Kenya huanzia kwao, na huanza kwa dhana moja: kwamba mtoto huyu hana mtu. Dhana hiyo nataka kuipinga. Ukiifuata historia ya malezi kati ya Lodwar na Kakuma kwa miaka sitini na ushei, unakutana na mtoto ambaye mara nyingi sana ana shangazi, ana nyanya, na pengine mama yake yu hai. Kilichokosekana ni mifugo, mvua au amani. Orodha ndiyo iliyomwandika kuwa hana mtu, kwa sababu chakula, shule na tiketi za ndege zilikwenda kwa walioandikwa hivyo.

Taasisi zenyewe zilianzia mbali na Turkana. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo na kuwakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1875 shirika la CMS la Waanglikana likaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ambako meli za Kiingereza ziliwashusha watu, watoto wakiwamo, waliokamatwa majahazini wakipelekwa kuuzwa. Watoto hao walipewa majina mapya, wakafundishwa useremala, ushonaji na kusoma, wakaozwa wenyewe kwa wenyewe. Ilikuwa vigumu kufanya vingine. Mtoto aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa akiwa na miaka minne angerudishwa kwa nani? Njia ya kurudi ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya watekaji. Kwa hiyo nyumba ya watoto, katika Afrika Mashariki, ilibuniwa kwa ajili ya mtoto ambaye ndugu zake hawakuweza kupatikana. Kosa lilikuja baadaye, pale nyumba hiyo hiyo, kwa kanuni zile zile, ilipoanza kumpokea mtoto ambaye ndugu zake wanajulikana kwa jina na kwa kisima wanachonyweshea.

Wakati wa Hali ya Hatari mkondo huo ulikuwa umekwisha kujichimbia. Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya kiliundwa mwaka 1955. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin na wenzake wakafungua Starehe jijini Nairobi, kwa wavulana walioachwa mitaani na vita vya Mau Mau. Baadhi ya watoto wa miaka ile hawakuwa yatima hata kidogo. Baba alikuwa kizuizini, mama kijijini nyuma ya handaki na miti iliyochongwa, na mtoto mjini.

Turkana, wakati huo, ilikuwa dunia nyingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeishinda kwa bunduki, na katika operesheni ya 1918 iliyoitwa Doria ya Labur ikawanyang'anya watu mifugo kwa maelfu. Kisha ikaifunga wilaya. Kuingia kulihitaji kibali. Ilionekana mahali pa kufaa kuwatupa watu ili wasahaulike: Jomo Kenyatta, baada ya kifungo cha Lokitaung, aliwekwa Lodwar kuanzia 1959 hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Shule zilikuwa chache mno, hospitali vivyo hivyo.

Lakini palikuwa na mpango wa kulea. Mwanaanthropolojia Mwingereza P. H. Gulliver alikaa na Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940, na kitabu chake cha 1955, *The Family Herds*, kinaonyesha jinsi ukoo na mifugo vilivyofungamana. Kila mke alikuwa na kibanda chake ndani ya boma, na wanyama wake wa kukama kwa ajili ya watoto wake. Mume akifa, ndugu yake aliwajibika kwa mjane na kwa watoto. Mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari kulipwa alikuwa wa boma la babu yake mzaa mama, wala hakuna aliyemwita mwana haramu. Ukame ukija, mwenye mifugo aliigawa: ngamia huku, mbuzi kule, ng'ombe kwa rafiki wa mbali, ili janga moja lisimmalize. Watoto nao waligawanywa vivyo hivyo, mmoja kwa shangazi mwenye maziwa, mwingine kwa mjomba anayehitaji mchungaji. Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa raha. Watoto walikufa, na mtoto wa kupelekwa kwa watu angeweza kufanyishwa kazi kuliko wa boma. Nasema tu kwamba kila mtoto alikuwa na mahali pa kuhesabiwa, na hesabu yenyewe ilifanywa kwa mifugo.

Ndiyo sababu mifugo ikifa, malezi hufa pamoja nayo. Hapo ndipo historia yetu inapoanza hasa.

Waturkana huipa kila njaa kubwa jina. Ile ya 1960 na 1961 waliiita Namotor. Mvua zilikatika, kisha mwishoni mwa 1961 zikaja gharika zilizotikisa Afrika Mashariki yote. Serikali ikafungua kambi za chakula, na watu waliopoteza wanyama wakapelekwa ufukweni mwa Ziwa Turkana, kwenye Ghuba ya Ferguson karibu na Kalokol, wafundishwe uvuvi. Mlango wa wilaya ukalegea. Mwaka huo wa 1961 wakaingia mapadre wa Kiayalandi wa Mtakatifu Patriki, wa Kiltegan. Mwaka 1962 wakafuata masista wa Medical Missionaries of Mary, waliotibu watu kwa kusafiri kutoka kituo hadi kituo, wakati mwingine kwa ndege ndogo. Lodwar ikafanywa eneo la kimisionari la pekee mwaka 1968, na mwaka 1978 ikawa jimbo kamili chini ya Askofu John Mahon. Kwa miaka mingi, ukitaka zahanati, shule ya chekechea au kisima Turkana, ulikwenda kwa mapadre.

Na wazazi walikwenda. Tunapozungumza kuhusu watoto walioachwa, tunamsahau mzazi aliyetembea siku mbili kumpeleka mtoto mahali penye uji. Shule za bweni zilizojengwa katika maeneo makame miaka ya 1970, na mpango wa chakula shuleni ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, vilikuwa, kwa familia nyingi, sehemu nyingine ya kugawia watoto. Mmoja alibaki na mbuzi, mmoja akaenda shule. Wa shule alikula kila siku. Likizo ikifika, mara nyingine boma lilikuwa limehama, na mtoto hakujua aende wapi. Mwalimu mkuu akabaki naye. Kwa mgeni aliyekuja na gari likizo ile, huyo alikuwa yatima.

Kisha ikaja njaa ya Lopiar. Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin ilipoanguka, ghala la silaha la Moroto liliporwa, na uvamizi wa mifugo kwenye mpaka wa Uganda ukawa vita vya bunduki za kisasa. Ukame ukaongezeka, na ugonjwa wa mapafu ukawamaliza mbuzi, na kipindupindu kikawaua watu. Makumi ya maelfu walikusanyika kwenye kambi, na Mradi wa Kuwarejesha Waturkana, ulioanza mwaka 1980 kwa fedha za Jumuiya ya Ulaya, ukawalisha na baadaye kuwapa chakula kwa kazi. Wengi hawakurudi tena kwenye mifugo. Walibaki pembeni mwa miji: Lodwar, Kalokol, Katilu, Lokichar. Wengine walikwenda hadi Kitale, na mtaa wa Kipsongo ukajulikana kwa Waturkana waliokosa kila kitu, na watoto wao wakajulikana mitaani Kitale kwa jina la chokoraa, jina ambalo halifai kuitwa mtoto yeyote.

Lodwar nayo ikapata watoto wake wa mitaani. Ni mji wa joto kali kati ya mto Turkwel na laga ya Kawalasee, na baraza za maduka yake ni pana. Huko ndiko walikolala. Jimbo Katoliki likafungua kituo cha Nadirkonyen kwa ajili yao. Makanisa mengine na watu binafsi wakafungua nyumba nyingine, kubwa na ndogo.

Inafaa kueleza mtoto huingiaje kwenye nyumba kama hizo, kwa sababu filamu huruka hatua hii. Mara nyingi huletwa: na polisi, na chifu, na jirani, na nyanya mwenyewe. Kisheria afisa wa watoto huandika taarifa, na mahakama hutoa amri ya kumkabidhi mtoto kwa nyumba ile. Katika eneo lenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 68,000, na maafisa wachache wenye gari moja au bila gari, barua ya chifu imefanya kazi ya hakimu mara nyingi. Baada ya hapo huja mfadhili. Picha ya mtoto hupigwa, maelezo mafupi huandikwa, na mtu wa mbali hutuma fedha kila mwezi kwa ajili ya mtoto huyo mmoja. Fedha hizo zimelisha na kusomesha watoto wengi, na baadhi yao leo ni wauguzi, walimu na makarani wa kaunti. Ila fedha hufuata picha. Mtoto akirudi kwa shangazi yake huko Loima, picha inaisha na fedha zinaisha. Shangazi hapati kitu. Nyumba inahitaji mtoto mwingine. Hakuna mtu mbaya katika mpango huu, na hilo ndilo linaloufanya mgumu kubadilika.

Sasa turudi Kakuma, ambako jambo hilo hilo lilitokea kwa kiwango ambacho Turkana haikuwahi kukiona.

Wavulana wale hawakutoka moja kwa moja vijijini. Tangu 1987 walikuwa Ethiopia, katika kambi za Pinyudo, Itang na Dimma. Vijiji vyao vya Bor na Bahr el Ghazal vilikuwa vimechomwa, na wengi walitembea mamia ya kilomita. Lakini wengine walitumwa. Baba alisema, nenda na wenzako, huko kuna shule. Jeshi la waasi la SPLA nalo lilitaka wavulana, shule na mafunzo ya kijeshi vikaenda pamoja. Mtawala wa Ethiopia, Mengistu, alipopinduliwa Mei 1991 walikimbia tena, wakavuka mto Gilo mafurikoni chini ya risasi, na wengi wakazama. Walikaa Pochalla, wakateremka hadi Kapoeta, na Kapoeta ilipoangukia mikononi mwa serikali ya Khartoum Mei 1992, wakakimbilia Kenya. Inakadiriwa kwamba wavulana zaidi ya 10,000 walifika Kakuma.

Watoto 10,000 walilelewa vipi? Shirika la Kiswidi la Rädda Barnen, ambalo lilikuwa nao Ethiopia, lilikuwa limekataa kuwajengea bweni moja kubwa, na nadhani uamuzi huo uliokoa mengi. Kakuma wavulana waliishi kwa vikundi vidogo, wachache katika kibanda kimoja cha udongo, vibanda vikipangwa kwa eneo walikotoka, na watu wazima wa Kidinka na Kinuer wakiwaangalia. Shirika la Kilutheri Duniani lilisimamia kambi, shule na ulinzi wa watoto. Walipika wenyewe. Mgao wa mahindi, maharage na mafuta ulipokwisha kabla ya siku ya mgao mwingine, walikaa na njaa pamoja. Mkubwa akamfundisha mdogo kusoma. Ukizungumza na wanaume hao leo, wanataja walezi wao kwa majina, na wanawaita kaka wale waliolala nao kibanda kimoja. Haikuwa familia ya damu, lakini haikuwa bweni baridi la vitabu vya Charles Dickens pia.

Wasichana walikuwapo. Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa orodha ilifanya dhuluma yake kubwa, tena bila mtu yeyote kukusudia. Walikuwa wachache kuliko wavulana, kwa sababu wavulana ndio waliokuwa mbali na wanyama wakati vijiji vilipovamiwa na ndio waliotumwa shule. Wasichana waliofika peke yao walikabidhiwa familia za Kisudani kambini, kama desturi ilivyotaka: binti halali kibandani na wavulana. Mashirika yalikubali, na kwa kipimo cha wataalamu wa leo lilikuwa jambo sahihi, mtoto alelewe na familia. Lakini karatasi ya msichana ikafungwa siku ile. Hakuwa tena mtoto asiye na wazazi. Alikuwa mmoja wa watoto wa kaya fulani, namba ndani ya kadi ya mgao ya mtu mwingine. Wapo waliopendwa kama mabinti wa kuzaa. Wapo waliochota maji, wakapika, wakalea watoto wa wengine, wakakosa shule, na walipokua mahari yao ikaliwa na mlezi.

Mwaka 2000 Marekani ilikubali kuwachukua vijana wa Kakuma. Orodha iliyotumika ilikuwa ile ya watoto wasio na wazazi. Takriban 3,800 walisafiri, wengi wao mwaka 2001, hadi mashambulizi ya 11 Septemba yaliposimamisha safari. Wasichana walikuwa 89 hivi. Waliokuwa na walezi wa kweli au wa jina tu, wote waliachwa. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu wa jinsi aina ya malezi inavyoweza kuamua nani ataonekana na nani hataonekana.

Kamera zilikuwa pale kuwalaki wavulana. Mwaka 2003 ikatoka *Lost Boys of Sudan*, filamu ya hali halisi ya Megan Mylan na Jon Shenk. Mwaka 2006 *God Grew Tired of Us* ya Christopher Quinn ilizoa tuzo mbili kuu za Sundance. Mwaka 2014 ikaja ya kuigiza, *The Good Lie*, ya mwongozaji Mkanada Philippe Falardeau. Reese Witherspoon ndiye aliyebebeshwa bango, lakini uzito wa filamu uko kwa Arnold Oceng, Ger Duany, Emmanuel Jal na Kuoth Wiel. Duany na Jal waliwahi kubeba bunduki wakiwa watoto; wanapotazama kitu kwa kimya mbele ya kamera, hawahitaji kuelekezwa. Yumo msichana pia, Abital, anayefika Marekani na kutenganishwa na ndugu zake, yeye akipelekwa Boston na wao Kansas City. Ni filamu yenye heshima. Ila Kakuma yake ilijengwa Afrika Kusini, na Waturkana, ambao ardhi ni yao, hawamo. Utengano mkubwa unatokea uwanja wa ndege wa New York, baada ya wote kupanda ndege. Utengano ule wa 1992, msichana kupewa familia na kutoweka kwenye hesabu, hauonekani.

Mwaka 2015 wakimbizi 54 wa Sudan waliokuwa wametoa ushuhuda wao kwa ajili ya hadithi ya *The Good Lie* walifungua kesi Georgia, wakidai kuwa simulizi walizomweleza mwandishi wa filamu zilikuwa pia mali yao. Naelewa kwa nini. Mtu aliyelelewa na taasisi huulizwa historia yake mara nyingi mno: na afisa wa kambi, na afisa wa uhamiaji, na mfadhili, na mwandishi wa habari. Kila mara anaitoa bure kwa matumaini ya kitu. Siku anapoiona kwenye skrini, akiwa amelipa tiketi, ana haki ya kuuliza.

Sinema ya watoto walioachwa imebeba deni hili tangu mwanzo. Héctor Babenco alipotengeneza *Pixote* nchini Brazil mwaka 1980, kuhusu wavulana wa jela ya watoto, alimchukua mtoto maskini wa São Paulo, Fernando Ramos da Silva, kuwa nyota. Dunia ikapiga makofi. Mwaka 1987 Fernando, akiwa na miaka 19, alipigwa risasi na polisi. Yeyote anayefikiria kupeleka kamera kwenye nyumba ya watoto Lodwar na aanze kwa kuisoma habari hiyo.

Kakuma ilikuwa na njia nyingine pia. Tangu 2001 shirika la FilmAid lilionyesha sinema usiku kwenye skrini kubwa iliyobebwa na lori, maelfu wakiketi mchangani, kisha likaanza kuwafundisha vijana wa kambi kushika kamera, kuandika na kuhariri. Filamu fupi walizotengeneza hazikupata zulia jekundu. Zilihusu mambo ya mtaani kwao: ndoa za mapema, ugomvi wa maji, mtoto wa kulelewa anayekosa sare. Naona zilikuwa karibu zaidi na ukweli wa malezi kuliko filamu yoyote ya Hollywood.

Desemba 2013 vita vikalipuka Sudan Kusini, na mwaka uliofuata makumi ya maelfu wakamiminika Kakuma, maelfu yao wakiwa watoto wasioandamana na wazazi. Safari hii kanuni zilikuwa tofauti. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha Miongozo ya Malezi Mbadala mwaka 2009, inayosema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na familia. Utafiti wa Bucharest, ulioanza mwaka 2000 kwa watoto waliokuwa katika nyumba za yatima za Romania, ulikuwa umeonyesha kwamba mtoto aliyehamishiwa kwa familia, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, anakua vizuri zaidi akili na mwili. Kwa hiyo Kakuma, na baadaye makazi ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, mashirika yalitafuta kwanza ndugu, kisha familia za kulea. Na yalitakiwa kufanya lile ambalo halikufanyika 1992: kumfuata mtoto ndani ya familia, kumuuliza peke yake kama anakula, anasoma, anapigwa. Kazi hiyo inahitaji watu na mafuta ya pikipiki. Bajeti ya wakimbizi ikipungua, kazi hiyo huwa ya kwanza kukatwa, maana haina jengo la kumwonyesha mgeni.

Kenya nayo iligeuka. Miongozo ya malezi ya kifamilia ilitolewa mwaka 2014. Mwaka 2017 serikali ikasimamisha usajili wa nyumba mpya za watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaingiza, pamoja na mengine, kafala ya Waislamu kama njia halali ya kulea. Na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi ukaweka miaka kumi, 2022 hadi 2032, ya kuwahamisha watoto kutoka nyumba hizo kwenda kwa familia. Zaidi ya watoto 40,000 nchini walikadiriwa kuishi humo.

Ninaunga mkono mageuzi haya, na ninayaogopa. Machi 2020, korona ilipoingia, nyumba nyingi ziliagizwa kuwarudisha watoto makwao kwa haraka. Wapo waliorudishwa ndani ya siku chache, bila mtu kuuliza kama nyumbani kuna kitanda au kama aliyewadhulumu bado yupo. Msichana aliyekimbia ndoa ya lazima hawezi kurudishwa tu kwa baba aliyekwisha kupokea ngamia. Kwa huyo, bweni ni ukuta. Shule ya msingi ya bweni ya Angelina Jolie, Kakuma, imewahifadhi wasichana wakimbizi na Waturkana wa namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na anayetaka kufunga milango kama hiyo sharti kwanza aonyeshe mlango mwingine.

Mlango mwingine upo, ila haupigwi picha. Tangu 2009 Mpango wa Kukabili Njaa umekuwa ukipeleka fedha taslimu kwa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Fedha si nyingi. Lakini zinamfikia nyanya mwenyewe, kwa jina lake, na hazimtaki amtoe mjukuu ili azipate. Kwangu hiyo ndiyo sera ya malezi yenye maana kuliko zote zilizowahi kufika Lodwar, ingawa haikuandikwa kuwa ya watoto. Mvua zilipokatika misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na mizoga ikajaa kando ya barabara za Lokitaung na Kibish, tulijua tena ni nini huwaleta watoto kwenye baraza za maduka. Mkakati wa 2032 hauwezi kufaulu Turkana ukisimamiwa na idara ya watoto peke yake, wakati idara ya mifugo haina chanjo.

Kuhusu filamu, kuna jambo limebadilika. Mwaka 2024 ilitoka *Nawi*, tamthilia iliyopigwa Turkana, ikiongozwa kwa pamoja na Vallentine Chelluget, Apuu Mourine na ndugu wawili Wajerumani, Toby na Kevin Schmutzler. Mswada ulitokana na hadithi ya Milcah Cherotich, aliyeshinda shindano la uandishi. Michelle Lemuya Ikeny, binti wa hapo hapo Turkana ambaye hakuwa mwigizaji kabla ya hapo, anacheza msichana hodari shuleni ambaye baba yake amekwisha kumwoza kwa mifugo, naye anatoroka. Kenya iliipeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Kinachonigusa ni kwamba baba wa filamu ile si zimwi. Ana hesabu zake, na watoto wa kulisha, na wanyama wanaokufa. Mtazamaji anamwona msichana akiwa ndani ya familia, akipendwa na ndugu, na bado akiwa hatarini. Hilo ni jambo ambalo filamu za nyumba za watoto hazikuwahi kutuonyesha, kwa sababu zilianza na mtoto akiwa peke yake langoni.

Hadithi ya wasichana wa Kakuma wa 1992, wale waliopewa familia na kufutwa kwenye orodha, bado haijapigwa filamu ya kuigiza. Wana miaka arobaini na zaidi sasa. Wako Juba, Bor na Nairobi, wengine Australia, na baadhi hawajawahi kuondoka Kakuma. Vijana wenye kamera na ujuzi wa kuandika mswada wako hapo hapo kambini na Lodwar. Kilichobaki ni mtu wa kuwaendea wanawake hao, kuwauliza, kuandika majina yao kwenye mkataba, na kuwalipa.